Hendeli Iliyovunja Mkono

Levina alikuwa juu ya pikapu, amelala kifudifudi kwenye magunia ya mpunga akikaza kamba ya mwisho, aliposikia injini ikigonga mara moja kwa kishindo kizito. Kisha akasikia pumzi ya baba mkwe wake ikikatika. Aliruka chini, akazunguka mbele ya gari akiteleza. Mzee Dionisi alikuwa amepiga magoti matopeni, mkono wa kulia ameupakata kifuani, na hendeli, chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, ilikuwa bado kwenye tundu lake chini ya rejeta, inatikisika.

"Imenirudi," alisema mzee, akiitazama hendeli. "Imenirudi, imenipiga."

Levina aliuona mkono. Kati ya kiwiko na kifundo, mahali ambapo mkono wa mtu haupindi, ule ulikuwa umepinda. Hakujua aipeleke wapi mikono yake mwenyewe. Katika nyumba ile ya watu waliotoka upande wa Mahenge, mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Humwandalia chakula akakiacha mezani, na wakikutana mlangoni hukaa kando, macho chini, mpaka mzee apite. Tangu aolewe na Anselim, Levina hakuwahi kumgusa mzee huyu hata kwa bahati mbaya.

"Mfunge!" Sauti ilitoka ndani ya gari. Mama mkwe, Bibi Balbina, alikuwa kiti cha mbele, miguu yake iliyovimba ameinyoosha juu ya furushi la nguo. "Unamtazama kama picha ukutani? Mfunge mkono huo kwa kitenge. Mimi mwenye mume nimekuruhusu."

Levina alivunja fito mbili kwenye ukuta wa dungu, kibanda cha shambani, akavua kitenge chake cha juu, akakichana. Aliushika mkono wa mzee, ngozi ya moto, mfupa ukicheza chini yake. Mzee aliuma meno akageuzia uso pembeni. Alikaza fundo la mwisho. Levina aliinua macho, akatazama nyuma ya bega la mzee, akaona maji yamesogea.

Walipofika pale, maji yalikuwa mbali, mstari mwembamba unaong'aa ng'ambo ya mashamba ya majirani. Sasa yalikuwa ndani ya jaruba lao. Hayakuwa na kelele wala mawimbi. Yaliingia kati ya mashina ya mpunga taratibu, yakisukuma mbele yake makapi na wadudu, na kila alipokodoa macho aone kama kweli yanatembea, yalionekana yametulia.

Huo ulikuwa mwaka wa mvua za El Niño. Mto Kilombero ulikuwa umeshatoka kwenye kingo zake, ukarudi, ukatoka tena, na wakulima wengi wa mashamba yaliyo ndani zaidi kupita Michenga walikuwa wamehama kwa mitumbwi. Bibi Balbina alikataa. Mpunga wake wa mapema ulikuwa umekwisha kukatwa na kupigwa, na hakuwa tayari kuuachia maji. Alibaki peke yake kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambako watu wa bondeni hukaa msimu wa kuamia ndege. Kisha miguu ikamvimba hata asiweze kushuka ngazi. Mvuvi mmoja ndiye aliyeleta habari Kibaoni, nyumbani kwao. Anselim alikuwa kazini Mikumi. Mzee Dionisi akasema ataenda na pikapu kabla njia haijafunga, na Levina akaambiwa afuatane naye, kwa sababu mtu wa kumbeba mama mgongoni anatakiwa awe na nguvu. Levina alimwacha mwanawe, Careen, kwa jirani.

Kumbeba mama aliweza. Magunia aliweza. Gari ndilo lililokataa kuwaka.

Ubishi wa gari lile haukuanza siku hiyo. Ilikuwa pikapu ya petroli, kuukuu, ambayo mzee aliinunua kwenye mnada wa vifaa vya barabara baada ya kustaafu udereva. Kwa wiki nyingi sasa, kila asubuhi, watu wa Kibaoni waliamshwa na stata ikilia na kulia bila injini kushika, mpaka vijana waitwe kusukuma. Mzee alikuwa na hakika kwamba mbaya wake ni kabureta. Aliifungua, akaiosha, akaifunga. Alichuja petroli kwa kitambaa. Alinunua plagi mpya. Gari likawa vilevile, na betri iliyokuwa ikichoshwa kila siku ikaanza nayo kukata tamaa. Lakini asubuhi ya safari liliwaka mara moja, na mzee alitabasamu peke yake, jambo ambalo Levina aliliona akalisahau.

Huku bondeni, stata ilitoa sauti chache za kuburuta, kisha ikabaki kutoa mlio mdogo tu wa chuma. Hapo ndipo mzee alipochomoa hendeli nyuma ya kiti.

"Baba," Levina alisema sasa, macho chini kama kawaida, "maji yamefika kwetu."

Mzee aligeuka akatazama. Akatazama muda mrefu. Upande wa mto kiboko alikoroma, na sauti ile, ambayo mtu wa Ifakara huisikia tangu utotoni bila kushtuka, ilimfanya Levina asogee karibu na gari. Ilikuwa imetokea mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa na njia ya baiskeli.

"Mwambie mkweo," mzee alisema, akielekeza maneno kwa mkewe ndani ya gari, "aende. Akishika tuta akafuata miti ile, atafika Michenga kabla giza halijaingia. Ana mtoto."

"Umesikia mwenyewe," Balbina alimwambia Levina. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nenda, Mama Careen. Ukifika, ulete mtumbwi."

Levina aliitazama ile miti. Kati yake na miti kulikuwa na maji mahali pawili, na hakuna aliyeweza kumwambia kina chake. Kundi la sheshe, wale swala wekundu wa bondeni, lilipita mbio mbele ya gari bila hata kuwajali watu, madume na majike na watoto wao, wote wakielekea upande mmoja. Aliogopa kubaki. Alipomfikiria Careen amekaa kizingitini kwa jirani akisubiri, miguu yake ilitaka kukimbia yenyewe. Lakini aliogopa zaidi kuingia kwenye maji yale peke yake, huku kiboko haonekani alipo. Baadaye watu walimsifu kwa ushujaa, naye hakujua awajibu nini, kwa sababu alijua kilichombakisha pale.

"Siendi," alisema. "Nielekezeni gari. Nitafanya mimi."

Mzee aliuweka sawa mkono uliofungwa. Kisha akasema, bado akimtazama mkewe, "Mwambie afungue boneti."

"Dionisi," Balbina alisema, "mwambie mwenyewe. Maji hayajui habari za ukwe."

Basi mzee akajikokota hadi ubavuni mwa gari, akaegemea gurudumu, akaanza kusema na Levina moja kwa moja. Mwanzoni alisema kwa aibu, kama mtu anayeongea na mgeni. Levina alifungua boneti. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya petroli iliyomwingia mpaka kooni.

"Injini inataka vitu viwili," mzee alisema. "Petroli ifike, na moto ufike, tena kwa wakati wake. Anza na petroli. Ile spana ndefu yenye mdomo wa duara, vua nayo plagi. Yoyote."

Levina alichomoa waya wa plagi, akapachika spana, akazungusha. Plagi ilitoka. Aliiinua kwenye mwanga.

"Imelowa, Baba. Inachuruzika."

"Inuse."

"Petroli tupu."

Mzee alifumba macho. Wiki zote zile alikuwa ameisingizia kabureta, na kumbe petroli ilikuwa inafika, tena inafika nyingi kwa kukosa wa kuiunguza. Hakusema hivyo. Alisema tu, "Basi ni moto. Vua zote, uzifute zikauke. Tumia nguo kavu, usitumie hiyo yenye matope."

Balbina alifungua furushi lililokuwa chini ya miguu yake, akatoa gauni lake la kwenda kanisani, lililokuwa limepigwa pasi na kukunjwa, akalipitisha dirishani. Levina alifuta plagi kwa gauni lile. Kila alipomaliza moja alitupa jicho chini. Maji yalikuwa yamefika kwenye gurudumu la nyuma. Siafu walikuwa wamepanda nguzo za dungu kwa wingi hata nguzo zikaonekana nyeusi, na dungu lenyewe, ambalo asubuhi aliliona limesimama vizuri, lilikuwa limeegama upande wa mto.

"Baba, dungu linalala."

"Usilitazame dungu. Tazama kile kikombe cheusi chenye nyaya nyingi kichwani. Hiyo ndiyo distributa. Inagawa moto kwa plagi. Ina vibanio viwili pembeni, vibandue kwa bisibisi, uinue kifuniko."

Kifuniko kilitoka. Ndani kulikuwa na unyevunyevu, akaufuta. Mzee alimwelekeza aondoe kile kidude cha juu kinachozunguka, kisha atafute chini yake vidole viwili vidogo vya chuma vinavyogusana.

"Nimeviona. Vimegusana."

"Hizo ndizo pointi. Zikigusana na kuachana, moto unaruka. Sasa sikiliza vizuri. Mama, washa swichi hapo kwenye dashibodi. Wewe Levina, chomoa waya mnene wa katikati, unaotoka kwenye koili, uushike kwa kitambaa kikavu, ncha yake iwe karibu na chuma cha injini, isiguse. Kisha kwa bisibisi, achanisha pointi ghafla."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja kwa jina lake. Levina hakulitambua hilo wakati ule. Alikuwa anautazama waya ulio mkononi mwake kama nyoka. Alikwishamwona Anselim akipigwa na umeme wa gari, akaruka akitukana, na sasa pua yake ilikuwa imejaa petroli.

"Haitaungua? Gari lote linanuka."

"Subiri kidogo upepo upite. Plagi ziko mbali na mkono wako. Haya, sasa."

Aliachanisha pointi. Kwenye ncha ya waya palitokea kitu kidogo, chenye rangi ya manjano hafifu, kikapotea. Alirudia. Mara hiyo hakikutokea kabisa.

"Cheche ya njano, Baba. Dhaifu. Ya pili haikuja."

"Njano," mzee alirudia. Levina alimsikia akivuta pumzi. "Zitazame uso. Pointi zenyewe. Zikoje?"

"Zimeungua. Moja ina shimo, nyingine ina kichunguu. Na hazitaki kuachana, Baba, hata nikizisukuma zinaacha nafasi ndogo kama unywele."

Levina aliinua kichwa, akaona mzee ameinamisha chake. Alidhani mzee amezimia. Lakini alikuwa macho, anatazama maji yaliyokuwa yamemfikia kwenye visigino vya viatu vyake.

"Ndizo," alisema. "Tangu mwanzo ni hizo. Sikuzifungua. Una kiberiti?"

Balbina alikuwa nacho, kwenye kopo la chumvi. Mzee alimwambia Levina amwage njiti, achane ubavu wa boksi, ule mkwaruzo wa kuwashia, aukunje, ausugue katikati ya pointi kama msasa. Alisugua mpaka vidole vikamfa ganzi, akapuliza, akafuta kwa upindo wa gauni, akasugua tena. Kisha palikuwa na skrubu ndogo ya kulegeza, na pointi ilipaswa kusogezwa mpaka nafasi iwe unene wa karatasi ngumu ya boksi lile la kiberiti. Alilegeza, akasogeza, ikazidi. Akarudisha, ikafumba. Jasho lilimwingia machoni. Mahali fulani nyuma yake kitu kizito kilianguka majini, na Balbina akasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo. Levina hakugeuka, kwa maana alijua akigeuka mikono yake haitarudi kwenye kazi ile.

"Dungu," Balbina alisema. "Ni dungu tu. Endelea."

Karatasi ilipita kati ya pointi, ikikwaruza pande zote mbili. Alikaza skrubu. Alijaribu tena waya. Safari hii cheche iliruka yenye rangi ya bluu, ikapiga kwa sauti, naye akautupa waya kwa hofu.

"Bluu!" alipiga kelele. "Baba, ni ya bluu!"

"Rudisha plagi. Rudisha kila kitu. Haraka."

Alirudisha. Alipokuwa anakibana kifuniko cha distributa, aliinama kuangalia kama kimekaa sawa, akaona shingo ya distributa chini, mahali inapobanwa na boliti. Chuma chote pale kilikuwa na tope la mafuta ya miaka mingi, isipokuwa kipande chembamba pembeni mwa kibano, kama kucha, ambacho kilikuwa safi kinang'aa. Alikitazama. Kitu kilichokuwa kimefunikwa miaka yote kilikuwa kimefunuliwa juzijuzi.

Alifunga boneti, akaenda mbele. Maji yalimfika kifundoni, ya baridi. Aliikamata hendeli. Chuma kilikuwa na alama ya tope la mkono wa mzee.

"Usiikumbatie," mzee alisema. Alikuwa ameinuka, amejitupa kwenye kiti cha dereva, miguu kwenye pedali, uso wa kijivu. "Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine. Vuta juu, usisukume chini hata mara moja. Ikikataa, irudishe chini polepole, kisha uvute tena."

Levina alipanga vidole. Alivuta pumzi. Mkono wake ulikataa kufanya kazi. Aliona ule mkono mwingine, umefungwa fito mbili, umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Mzee alikuwa dereva maisha yake yote. Alijua kushika hendeli kuliko alivyojua kushika jembe. Kwa nini imrudi yeye? Akakumbuka tabasamu lile la asubuhi, na kile kipande cha chuma kilichong'aa.

Swali lilikuwa mdomoni mwake na hakuthubutu. Kumuuliza baba mkwe kitu cha namna ile ni kumwambia kwamba amekosea. Hata Anselim, mwanawe wa kumzaa, hakuwahi kumuuliza hivyo. Kiboko alikoroma tena, na sasa hakukuwa na haja ya kukisia alikuwa wapi. Maji yalitikisika hadi miguuni mwa Levina.

"Baba," alisema, na sauti ikamtoka kama ya mtoto, "jana ulishika nini kwenye distributa?"

"Sijashika kitu. Vuta."

"Pale chini, kwenye kibano, pana alama safi."

"Nimesema vuta, mama! Maji hayo!"

"Dionisi." Balbina alimgeukia mumewe, akamshika shavu kwa kiganja chake, akamlazimisha amtazame. "Mtoto wa watu atavunjika mkono. Akivunjika yeye, nani anatutoa hapa? Ulishika nini?"

Mzee aliuondoa mkono wa mkewe taratibu. Kisha kichwa chake kikaanguka mbele, paji la uso likagusa usukani.

"Niligeuza," alisema. "Jana jioni. Niliona moto unachelewa, nikaigeuza distributa ili uje mapema. Asubuhi likawaka. Nikadhani nimepata." Aliinua uso, akamtazama Levina usoni kupitia kioo, na Levina kwa mara ya kwanza hakuangusha macho. "Moto ulikuwa unachelewa kwa sababu ya pointi zilizofumba. Sasa umezifungua, moto umerudi mahali pake. Ukijumlisha na nilivyogeuza mimi, utakuja mapema mno. Iache hendeli. Iache, mwanangu! Ungeivuta hivyo, ingekupiga kuliko ilivyonipiga."

Levina aliiachia hendeli kama iliyomuunguza. Alitaka kulia, akaona hakuna nafasi. Alifungua tena boneti.

"Spana gani?"

"Ndogo ile. Legeza boliti ya kibano, kidogo tu. Igeuze distributa mpaka ile alama safi ifunikwe yote, tope likutane na tope. Kisha kaza."

Boliti ilikuwa imekazwa na mkono wa mwanamume. Spana iliteleza, ikamchuna vidole, damu ikachanganyika na mafuta. Aliipiga spana kwa jiwe. Ikalegea. Alikishika kikombe cha distributa kwa mikono miwili, akakigeuza polepole, akiinama karibu mpaka pua iguse nyaya, hadi kile kipande kama kucha kikafifia, kikaisha. Akakaza. Akarudi kwenye hendeli. Maji yalikuwa katikati ya muundi.

Alipanga vidole, gumba pembeni. Akavuta.

Injini ilizunguka kwa uzito, ikahema, ikanyamaza. Haikumpiga. Aliishusha, akavuta tena. Ikahema. Mabega yalimuuma, na alikuwa analia sasa bila kujua, anavuta na kulia, mzee akimwambia mkewe ndani ya gari, "Choki rudisha, mama, rudisha kabisa, injini imekunywa petroli sana, mimi nimekanyaga mafuta." Alivuta tena kwa nguvu zilizotoka mgongoni, na injini ikapiga chafya moja, moshi mweusi ukatoka nyuma ukatambaa juu ya maji. Kisha ikashika. Ilinguruma kwa kuchechemea, ikatulia, ikanguruma sawasawa.

Levina alichomoa hendeli, akaanguka nayo kwenye maji, akainuka.

"Ingia uendeshe!" mzee alisema. Alikuwa amesogea kando, akibanana na mkewe, mguu wake mmoja bado kwenye pedali ya mafuta.

Kuendesha alifundishwa na Anselim kwenye uwanja wa mpira Katindiuka, Jumapili kadhaa, mchana, mahali pakavu. Alikanyaga klachi, mzee akamwekea gia kwa mkono wa kushoto, akiupitisha mbele ya mwili wake mwenyewe na kulia kwa maumivu. Pikapu ilitikisika, ikasogea. Bega lake lilikuwa limegandana na la baba mkwe, na hakuna aliyejali.

"Polepole. Ukienda kasi maji yanaruka juu ya distributa. Usiachie mafuta wala usizidishe. Fuata tuta."

"Silioni tuta."

"Fuata majani marefu. Yanaota pembeni mwake."

Waliingia kwenye maji ya kwanza. Yalifika juu ya ekseli, yakaanza kuingia kwa chini ya mlango, yakalowesha furushi. Usukani ulikuwa mwepesi kwa namna ya kutisha, kama haukushikana na kitu. Levina alikuwa anahesabu majani, jani hili, jani lile, asije akainua macho akaona jinsi maji yalivyo mapana. Katikati injini ilikosa pigo moja, ikakosa la pili. Balbina alikuwa anasali Salamu Maria bila kufika mwisho, anarudi mwanzo kila mara. Kushoto kwao, si mbali, mgongo mweusi ulichomoza majini, ukatoa pumzi, ukazama.

"Usisimame," mzee alinong'ona. "Yeye ana njia yake. Usisimame."

Hakusimama. Injini ilishika tena. Magurudumu ya mbele yakapanda kitu kigumu, ya nyuma yakafuata, magunia yakaguna nyuma yao, nao wakawa nje ya maji ya kwanza. Maji ya pili yalikuwa mafupi. Baada yake ilikuja miti, kisha baiskeli iliyoegemezwa, kisha nyumba za Michenga na watu wamesimama barabarani na vyombo vyao vichwani, wakishangaa pikapu inayochuruzika matope, mwanamke aliyejaa mafuta na damu yuko kwenye usukani.

Watu walimpungia mkono asimame. Levina hakusimama. Hakusimama Michenga wala njiani, na alipoingia Ifakara alipita katikati ya soko na taa za gari zikiwa hazijawashwa, mpaka kwenye uwanja wa hospitali. Hapo ndipo alipokanyaga breki.

Wahudumu walimtoa mzee kwanza, kisha wakaja na kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama. Mkono ulifungwa plasta jioni ile. Ulipona, ingawa hauwezi kunyooka wote mpaka leo. Miguu ya Balbina ilipungua baada ya dawa. Shamba lilikaa chini ya maji hadi kiangazi, na walipolirudia hawakuona hata nguzo moja ya dungu. Mzee alinunua pointi mpya kabla hata ya kuvuliwa plasta, akazifunga Anselim. Wageni wakiuliza habari ya mkono, mzee alisema, "Hendeli ilinirudi, mkwe wangu ndiye aliyeliwasha gari." Kuhusu kugeuza distributa hakuwahi kusema, na Levina naye hakumsemea, hata kwa mumewe. Jambo moja lilibadilika: kuanzia siku zile, alipompelekea chakula, mzee alimwambia "asante, Levina," akimtazama.

Lakini jioni ile pale uwanjani, baada ya wazee wote wawili kuingizwa ndani, Levina alibaki kwenye kiti cha dereva, mikono kwenye usukani, injini ikinguruma. Mlinzi alikuja akagonga mlango.

"Shikamoo, dada... mama. Gari lako linajaza moshi wodini. Lizime."

"Nitalizima."

"Basi lizime."

Alitazama swichi. Alijua pointi ziko sawa, distributa iko mahali pake, hakuna tena kitu cha kuogopa, na nyumbani kwake hapako mbali hata kwa miguu. Mkono wake haukwenda. Mlinzi alisubiri, akaviona vidole vyake vyenye damu, akaondoka. Baada ya muda alirudi na chai kwenye kikombe cha bati, akapitisha mkono dirishani, akakiweka juu ya dashibodi, akageuza swichi yeye mwenyewe.